Siku 22: kisa cha naibu mkurugenzi aliyerudi darasani

Kisa hiki kilianza na mstari mmoja katika tangazo la kazi, na mstari huo niliuandika mimi. Nilikuwa mjumbe wa bodi ya shirika lisilolenga faida, la ukubwa wa kati, linaloshughulika na afya ya mama na mtoto. Mkurugenzi mtendaji wetu alikuwa ametuarifu kwamba ataondoka baada ya miezi 18, na mwenyekiti akaniomba niandae rasimu ya sifa za mrithi wake. Nikachukua tangazo la shirika jingine, nikabadilisha majina, na pale palipoandikwa "awe na shahada ya uzamili" sikugusa kitu. Hakuna aliyeuliza uzamili wa nini, wala wa kumsaidia kufanya nini. Rasimu ilipita kwa dakika nne, katikati ya ajenda ya gari bovu na ile ya mengineyo.

Wiki moja baadaye naibu mkurugenzi akanipigia simu. Nitamwita Naibu tu, na nimegeuza mambo madogo madogo ili asitambulike. Alikuwa na miaka 11 ndani ya shirika. Aliingia akiwa afisa wa mradi, akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Shahada yake ya kwanza ni ya uuguzi. Ukimtajia zahanati yoyote kati ya zile tulizofanya nazo kazi, atakwambia ina wakunga wangapi na friji ya chanjo iliharibika lini.

"Kaka, nimeliona tangazo," akasema. "Sasa nikasome nini?"

Sikumjibu hapo hapo, maana nilikuwa napiga hesabu kichwani. Kozi nyingi za uzamili ambazo mtu anazisoma huku anafanya kazi huchukua miaka miwili. Kiti kinakuwa wazi baada ya miezi 18. Hata angejiandikisha kesho yake, tangazo langu lilikuwa limeshamfungia mlango kwa miezi sita. Na si yeye peke yake. Lilimfungia kila mtu aliyekua ndani ya shirika badala ya ndani ya chuo.

Njia zilizokuwa mezani

Aliyoipenda kwanza ilikuwa shahada ya uzamili ya masomo ya maendeleo. Tulikaa na orodha ya kozi zake: ushirikishwaji wa jamii, jinsia, ufuatiliaji na tathmini, nadharia za mabadiliko ya jamii. Nikamwuliza ni ipi kati ya hizo asingeweza kuifundisha mwenyewe kesho asubuhi. Akanyamaza, kisha akacheka. Watu wa miradi tuna tabia hiyo, na mimi sijitoi: tukipata nafasi ya kusoma tunakimbilia tunachokijua, kwa sababu ni raha kukaa kwenye darasa ambalo unanyoosha mkono kila mara. Lakini hiyo ilikuwa shahada ya kumthibitisha pale alipo. Haikuwa ya kumpeleka anakotaka kwenda.

Ya pili ilikuwa MBA ya jioni, yaani uzamili wa uongozi wa biashara. Hii bodi ingeipenda bila maswali. Uhasibu ungekuwa wa kutosha, mkakati ungekuwa wa kutosha, na jina lake linajulikana kila mahali, jambo ambalo si dogo kwa mtu ambaye huenda siku moja akataka kuhama sekta. Tatizo ni mifano. Katika biashara, anayelipa ndiye anayepokea huduma. Asiporidhika anaondoka na pesa yake, na wewe unajua mara moja. Kwetu anayelipa ni mfadhili, anayepokea ni mama kwenye foleni ya kliniki, na mama huyo hata akichukia namna gani, mfadhili atasoma ripoti nzuri. Meneja anayejifunza miaka miwili kwenye ulimwengu wa mteja mmoja anaweza kujisahihisha baadaye, wengi wamefanya hivyo, ila kazi ya kutafsiri inabaki kwake mwenyewe usiku akiwa amechoka.

Ya tatu, uzamili wa utawala wa umma, tuliipitia haraka. Nzuri kwa anayetaka kufanya kazi karibu na serikali na sera. Yeye hakutaka.

Ya nne ilikuwa uzamili wa uongozi wa mashirika yasiyolenga faida, unaosomwa kwa masafa, na wiki chache kila muhula za kukutana ana kwa ana. Chuo chenyewe hakikuwa na jina kubwa. Kilichonivutia kilikuwa maelezo ya kazi za darasani: karibu kila moja ilimtaka mwanafunzi alete jambo la shirika lake mwenyewe. Bajeti yako, katiba yako, kumbukumbu za vikao vya bodi yako. Kozi ya fedha ilikuwa ya lazima, na ilikuja katika muhula wa kwanza kabisa. Nilimwambia tangu hapo kwamba ningekuwa yeye ningechagua hii, kwa kozi hiyo moja tu.

Kulikuwa pia na wazo la kwenda kusoma nje kwa ufadhili. Aliangalia Chevening, ufadhili wa Uingereza unaolipia uzamili wa mwaka mmoja. Sharti la saa 2,800 za kazi alikuwa amelivuka miaka mingi nyuma, na sharti la kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili halikumtisha. Kilichomzuia ni kalenda. Kutoweka mwaka mzima wakati mkurugenzi anafungasha ni kumwachia mtu mwingine kiti kikiwa bado kina joto.

Hapa niseme jambo ambalo bodi yetu haikulijua, na mimi nililijua nusu. Shahada hizi zote ni changa kuliko tunavyodhani. Harvard ilianza kufundisha MBA mwaka 1908. Shule ya Maxwell ya Chuo Kikuu cha Syracuse ilianza na uzamili wa utawala wa umma mwaka 1924. Yale ilipofungua shule yake ya uongozi mwaka 1976 haikutoa MBA kabisa. Ilitoa shahada iliyochanganya uongozi wa sekta ya umma na binafsi, kwa imani kwamba meneja mzuri anaweza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Baadaye nayo ikaigeukia MBA. Uzamili uliotengwa mahsusi kwa mashirika ya aina yetu ulianza kuonekana miaka ya 1980; University of San Francisco ilianzisha wake mwaka 1983. Kwa hiyo wazee waliojenga mashirika makubwa tunayoyaheshimu hawakuusomea uongozi huo popote. Frances Hesselbein aliongoza Girl Scouts, shirika la maskauti wa kike la Marekani, tangu 1976 hadi 1990, na kusifiwa kama mmoja wa viongozi bora wa sekta hii, bila kumaliza hata shahada ya kwanza. Fazle Hasan Abed, aliyeanzisha BRAC, shirika kubwa la maendeleo la Bangladesh, mwaka 1972, alikuwa mhasibu wa gharama aliyefuzu London na kufanya kazi kampuni ya mafuta ya Shell.

Huyo wa pili nilimtaja kwa Naibu kwa makusudi. Hesselbein ni faraja kwa asiye na shahada. Abed ni swali: je, shirika lake lingekua vile kama mwanzilishi asingekuwa mtu anayejua gharama ya kitu kimoja kimoja? Sijui mtu anayeweza kulijibu hilo kwa uhakika. Lakini lilimfanya Naibu aache kuuliza kuhusu vyeti na kuanza kuuliza kuhusu matundu yake.

Barua mbili

Akaichagua ile njia ya nne. Chuo kilitaka maelezo binafsi ya ukurasa mmoja na nusu. Rasimu yake ya kwanza ilianza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kuhudumia jamii na kuleta mabadiliko chanya." Nimesoma sentensi hiyo, au dada yake, kwenye kila barua ya maombi niliyowahi kupewa kuikagua. Haimtofautishi na mtu yeyote. Nikamwomba afute yote na aniandikie uamuzi mmoja alioukosea kazini, na alichokuwa hakijui siku aliyoukosea.

Alichukua siku tano. Rasimu iliyorudi ilianza: "Mwaka juzi nilisaini makubaliano ya ruzuku iliyoongeza zahanati kumi na mbili kwenye mradi wangu. Miezi saba baadaye mhasibu wetu alijiuzulu kwa uchovu, na mimi sikuona uhusiano wa mambo hayo mawili." Aya iliyofuata ilieleza kwamba hadi leo hajui ruzuku ile iliigharimu ofisi kiasi gani, kwa sababu hajui jinsi ya kukihesabu. Hiyo ndiyo aliyoituma. Akakubaliwa.

Barua ya pendekezo niliandika mimi. Na hapo nilifanya kosa ambalo lilinirudia baadaye: sikuiambia bodi.

Muhula wa kwanza

Kazi ya kwanza ya kozi ya fedha ilikuwa na mistari mitatu. Leta hesabu zilizokaguliwa za shirika lako. Tenganisha fedha zenye masharti na zisizo na masharti. Eleza shirika litaishi siku ngapi kama wafadhili wote wakisimama leo.

Naibu alikwenda kwa mhasibu kuomba hesabu zilizokaguliwa. Akaambiwa hizo ni za bodi. Tafakari hilo kidogo: mtu wa pili kwa cheo, mwenye saini kwenye akaunti za miradi, miaka 11, na hajawahi kuishika ripoti ya ukaguzi wa shirika lake mkononi. Na mhasibu hakuwa na ubaya wowote. Ndivyo alivyokuta na ndivyo alivyoendelea. Nadhani mashirika mengi yana ukuta huu katikati ya watu wa miradi na watu wa fedha, na kila upande unauita heshima. Mwishowe mimi ndiye niliyemwambia mhasibu ampe.

Alizipitia kwa usiku mbili. Ukurasa wa mbele ulionyesha shirika lenye afya, akaunti za benki zimejaa. Habari yenyewe ilikuwa nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, zile kurasa zenye herufi ndogo ambazo wajumbe wa bodi tulikuwa tunazifungua tukitafuta posho zetu. Kati ya kila 100 zilizokuwa benki, 91 zilikuwa na mwenyewe: mkataba, bajeti, tarehe ya mwisho. Ukizigusa kwa kodi ya ofisi, umevunja mkataba. Zilizobaki huru ni 9. Na gharama za kila mwezi ambazo hakuna mradi uliokuwa unazilipa, yaani mshahara wa mkurugenzi, wa mhasibu, kodi, ukaguzi, bima, zilikuwa 12 kwa kipimo hicho hicho. Tisa kwa kumi na mbili ni robo tatu ya mwezi. Akaandika siku 23.

Mhadhiri alimrudishia karatasi na duara jekundu kwenye 23. Pembeni akaandika: hesabu yako inatoa 22 na nusu, unapohesabu siku za kuishi, usizungushe kwenda juu. Naibu alinitumia picha ya ukurasa huo. Sikulala vizuri. Nilikuwa kwenye bodi hiyo mwaka wa tano.

Kazi ya pili ilieleza kwa nini tumefika hapo. Ruzuku yetu kubwa ililipa gharama za uendeshaji kwa asilimia 7 ya gharama za mradi, kiwango kile kile ambacho Umoja wa Ulaya umekuwa ukikitumia kama kikomo kwenye ruzuku zake za nje. Serikali ya Marekani, kwa wapokeaji wasio na kiwango walichokubaliana nayo, ilikuwa ikiruhusu asilimia 10 kwa miaka mingi, na ikapandisha hadi 15 mnamo Oktoba 2024. Naibu alikaa na mhasibu wiki nzima, wakagawa kila gharama ya ofisi kwa miradi kulingana na muda na nafasi inayotumia. Gharama yetu halisi ilikuwa asilimia 18. Kwa kila 100 za mradi tulizosherehekea, shirika lilikuwa linatafuta 11 mahali pengine, na kwa kuwa mahali pengine hapakuwepo, lilijila lenyewe: afisa utumishi hakuajiriwa, kompyuta hazikubadilishwa, mhasibu mmoja akafanya kazi ya watatu. Kila mradi mpya uliongeza upungufu. Wasomi wa sekta hii hali hiyo wanaiita mzunguko wa njaa, na jina limekaa.

Kulikuwa na somo jingine dogo ambalo lilimshtua kuliko hesabu. Sisi sote, pamoja na mimi, tulikuwa tunaamini kwamba shirika la aina yetu halitakiwi kubaki na ziada mwisho wa mwaka. Kwamba kubakiza ni dalili ya ulafi. Darasani wakasomeshwa hoja ya Henry Hansmann, mwanasheria wa Marekani, aliyoiandika mwaka 1980: kinachotutofautisha na kampuni ni marufuku ya kugawana faida. Kuipata hakujakatazwa. Ziada inaruhusiwa. Isiende tu mfukoni mwa mtu. Miaka yote ile, kila Desemba, tulikuwa tunahangaika kuzimaliza fedha huru kwa warsha ambazo hakuna aliyezihitaji.

Palipoharibika

Sasa nifike kwenye kosa lake, maana kisa bila kosa hili kingekuwa tangazo la chuo.

Kazi zile aliziandika na jina la shirika. Jukwaa la darasa lilikuwa la kufungwa, wanafunzi wapatao thelathini, na utaratibu ulikuwa kwamba kila mmoja asome kazi ya mwenzake na kutoa maoni. Mmoja wa wenzake alikuwa anafanya kazi kwa mfadhili wetu. Hakufanya lolote la hila. Aliuliza tu ofisini kwake, kwa nia njema, kama wanajua kwamba mshirika wao ana siku 22. Ofisi yake ikamwandikia mkurugenzi wetu barua pepe ya heshima iliyouliza "hali ya uendelevu". Mkurugenzi akaipata asubuhi, bila kujua imetoka wapi.

Saa nne asubuhi Naibu alikuwa ofisini kwake. Alivyonisimulia, mkurugenzi hakupandisha sauti. Aliweka karatasi mezani, akaigeuza imwelekee, akasema: "Miaka 11 nimekufundisha kazi. Umekwenda kujifunza kunianika?" Naibu alijaribu kueleza jukwaa la kufungwa ni nini. Kisha akaona kwamba maelezo hayasaidii, akaomba radhi, na siku hiyo hiyo akaandika barua ya kuomba radhi kwa mwenyekiti.

Upande gani ulikuwa na haki? Nimelifikiria sana, na jibu langu halijakaa sawa hadi leo. Takwimu alizozitoa zilikuwa za kweli, na shirika linaloomba fedha za watu halina haki ya kuzificha hesabu zilizokaguliwa. Hilo ni la kwanza. Lakini uchambuzi wake haukuwa hesabu zilizokaguliwa. Ulikuwa maoni ya ndani ya kiongozi wa juu, na ulitoka nje kabla bodi haijausikia. Angelibadilisha jina na sekta, angesoma vile vile na kupata alama zile zile. Chuo nacho kilikosea: kinapodai wanafunzi walete siri za waajiri wao, kinatakiwa kianze na somo la namna ya kuzificha. Kiliweka somo hilo muhula wa tatu, kwenye mbinu za utafiti.

Kwa mtu anayesoma huku akifanya kazi, hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko ada na kuliko usingizi. Darasa linakupa macho mapya siku ya Jumamosi, na Jumatatu unaingia ofisini ukiwa unaona nyufa ambazo bosi wako alizipaka rangi kwa mkono wake. Ukizitaja vibaya, hata ukiwa na ukweli wote, umekuwa adui.

Bodi yenyewe

Kikao cha dharura kiliitwa kumjadili Naibu. Kwa saa nzima tulimjadili. Kisha mjumbe mmoja, mwanamke ambaye kwa kawaida haongei, akauliza: "Samahani, hizi siku 22 ni za kweli au si za kweli?" Mwenyekiti akamtazama mweka hazina. Mweka hazina akatazama karatasi. Zilikuwa za kweli, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anazijua.

Kikao kilichobaki kilituhusu sisi. Naibu alipewa onyo la maandishi, ambalo naona lilistahili. Sisi tukajipa kazi: sera ya akiba, lengo la miezi mitatu ya gharama za uendeshaji, lifikiwe ndani ya miaka minne. Mkurugenzi, na hili nalisema kwa heshima yake, ndiye aliyebeba jedwali la asilimia 18 kwenda kwa wafadhili, ingawa jedwali lenyewe lilimuuma. Mmoja akakubali kupandisha mchango wake wa uendeshaji kwenye mkataba unaofuata. Wa pili akasema kanuni zake hazimruhusu. Wa tatu hakujibu.

Katika kikao hicho hicho nikapendekeza tuurekebishe ule mstari wangu, usomeke "shahada ya uzamili au uzoefu unaolingana nayo". Mjumbe mmoja akapinga: tunashusha kiwango, wafadhili wataonaje. Nilikuwa nimeanza kujibu wakati mwenyekiti aliponiuliza, taratibu kabisa, kama ni mimi niliyemwandikia Naibu barua ya chuo. Nikasema ndiyo. "Basi utatupisha wakati wa kura," akasema, "na hata kwenye usaili." Nilitoka nikasimama kwenye korido kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Mgongano wa maslahi ni kitu nilichokuwa nimekifundisha kwenye semina za watu wengine.

Mstari ulipita kwa tofauti ya kura moja.

Usaili

Waliofika mwisho ni wawili. Naibu, mwenye muhula mmoja ambao hajaumaliza, onyo kwenye faili, na miaka 12 ya kazi sasa. Na bwana mmoja kutoka benki, MBA mkononi, mzungumzaji mzuri, mwenye mtandao wa watu ambao sisi tulikuwa tunawaota. Sikuwemo chumbani, nilisimuliwa baadaye. Walipoulizwa watafanya nini wakiletewa kesho ruzuku kubwa inayolipa asilimia 7 tu ya uendeshaji, bwana yule alisema ataipokea na kuitumia kujenga jina, kisha kutafuta nyingine. Naibu alisema hajui mpaka aone mkataba, akaanza kuchora mistari kwenye karatasi ya maswali. Kwenye swali la kutafuta fedha bwana alimshinda mbali. Kwenye swali la kuongoza watu wasiolipwa, yaani wajumbe wa bodi na wanaojitolea, wote wawili walijikwaa.

Bodi ikampa kiti bwana wa benki. Kama ningekuwemo nadhani ningempigia kura Naibu, na nadhani pia kwamba wenzangu hawakukosea kwa waliyoyaona siku ile.

Bwana yule akaomba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu kabla ya kusaini. Kumbe mtu wa benki anajua kusoma kurasa za nyuma. Siku tisa baadaye akaandika kushukuru kwa nafasi na kusema kwamba, baada ya kutafakari na familia, hataweza kuipokea.

Ndipo wakamwita Naibu. Yeye hakuomba hesabu. Aliomba mambo mawili: mkataba wenye kipimo cha miezi 12 kwa pande zote mbili, yeye apimwe na bodi ipimwe, na ruhusa ya wiki mbili kila muhula amalize masomo. La pili lilikubaliwa mara moja. La kwanza lilichukua vikao viwili.

Hadi naandika haya, akiba imefika siku 41. Masomo yamesimama mara moja na kuendelea tena. Tasnifu iko sura ya nne, kuhusu namna bodi zinavyosoma, au kutosoma, hesabu za mashirika yao. Mwezi uliopita aliniletea fomu ya ridhaa, kurasa mbili, akitaka kunihoji kama mjumbe wa zamani. Jina langu halitatajwa, jina la shirika halitatajwa, sekta itabadilishwa, na rekodi ya mahojiano itafutwa tasnifu ikishapita. Nikasoma hadi mwisho, pamoja na herufi ndogo, nikamwuliza kama mkurugenzi wa zamani amepewa fomu yake.

"Alikuwa wa kwanza kusaini," akasema.

Nikachukua kalamu.